Mbele ya Kupasuliwa, Uliza Kipimo

Usigeuze ukurasa. Tunajua kuna wazazi watakaoshangaa na kusema, "Hata mambo ya matiti yamefika katika gazeti la kanisa?" Ndiyo, yamefika, sababu yamekwisha kufika katika nyumba zetu. Hapa kwetu, katika miji ya migodi, kuna wamama waliokatwa titi juu ya kanseri, na wanatafuta namna ya kuvaa libaya tena bila haya. Kuna pia mabinti wanaoangalia picha ku telefone na kusema, "Nikipata franka, nitaongeza." Hawa wawili hawafanani, na shida zao hazifanani. Lakini siku watakapokaa mbele ya munganga wa upasuaji, wote wawili watapata ulizo moja: kipimo gani?

Wengi wanajibu ulizo hilo haraka sana. "Kubwa." Ao, "Kama ya yule." Lakini angalia: kwa libaya tu, fundi anakupima mabega, kifua na kiuno, anaandika katika kikaratasi, kisha unarudi kujaribu mbele ya kumaliza. Likikataa, anafungua mshono. Hapa mshono unafunguliwa kwa kisu, nawe umelala kwa dawa, na bei ni mpya.

Hatuandiki kusudi kumsukuma mtu kufanya, wala kumhukumu aliyekwisha kufanya. Tunaandika sababu mwanamke anayepanda ndege kwenda Afrika Kusini, India ao Tunisia, na feza za jamaa nzima katika mfuko, lazima ajue anaenda kununua nini.

Kitu chenyewe ni nini

Ni mfuko mdogo. Ngozi yake ya inje ni silikoni, na ndani yake mna jeli ya silikoni ao maji ya chumvi. Wanasimulia kwamba wazo lenyewe lilitoka katika mfuko wa damu: munganga mmoja wa mji wa Houston, Marekani, Frank Gerow, aliushika mkononi akaona unalegea kama titi la mwanamke. Yeye na mwenzake Thomas Cronin walijaribu kwanza kwa imbwa. Kisha, mwaka 1962, walimpata mwanamke wa kwanza, Timmie Jean Lindsey, mama wa watoto sita. Mama huyu hakuja kwa ajili ya matiti hata kidogo! Alikuja kuondoa chale ya maua iliyochorwa ku kifua. Wanganga ndio waliomuuliza kama anakubali kujaribu kitu kipya, naye akajibu kwamba anapenda zaidi warekebishe masikio yake. Wakapatana kufanya yote mawili.

Kuna jambo moja katika hadisi hii ambalo watu hawaliangalii. Hawakumwekea kubwa. Walimpandisha hatua moja tu ya sutien, toka B mpaka C. Mwaka 2012, akiwa na miaka 80, bado alikuwa na mifuko ile ile. Si wote wanaopata bahati hiyo, na tutarudia jambo hili mbele.

Acha herufi, shika mililita

Msichana anasema anataka "D". Lakini herufi za sutien zinageuka kutoka kiwanda kimoja mpaka kingine. D ya soko la kizito si D ya duka la Johannesburg. Munganga hanunui herufi. Ku boksi ya mfuko wameandika namba ya cc, ni kusema mililita, na pembeni yake upana na urefu kwa sentimita. Ipo ya chini ya 150, ipo ya kupita 600.

Kusudi uone kwa macho: mililita 300 ni sawa na chupa ndogo ya sucré, ile ya sentilita 30. Uzito wake ni karibu gramu 300. Mawili yanafika zaidi ya nusu kilo, na unayabeba kifuani usiku na mchana, ukipanda kilima, ukiinama kufagia, ukikoroga bukari. Mililita 600 ni karibu kilo moja na gramu 200 kwa yote mawili. Mifupa ya mgongo haijui kama ulilipa ao ulipewa bule.

Tena, mililita 300 za mama huyu si sawa na mililita 300 za mama yule. Mwanamke wa mabega mapana na mwenye nyama atakwambia, "Hata haionekane." Mwenzake mwembamba, mwenye kifua kidogo, ataonekana kama amevaa nguo ya mtu mwingine. Kwa hiyo usiulize rafiki yako, "Wewe walikuwekea ngapi?" ukaenda na namba yake. Namba yake ni ya mwili wake.

Kifua ndicho kinachosema

Munganga mzuri anaanza na rula. Anapima upana wa titi lako lenyewe, toka karibu na mfupa wa katikati mpaka upande wa kwapa. Tuseme ni sentimita 12. Mfuko wenye msingi wa sentimita 14 hauna pahali pa kukaa. Utasukuma kwenda kwapani, na mkono utakuwa unausugua kila ukitembea. Ao matiti mawili yatakutana katikati na kuwa kama kitu kimoja, na kurudisha jambo hilo nyuma ni kazi ngumu hata kwa wenye ujuzi.

Kisha anafinya nyama ya juu ya titi kwa vidole viwili aone unene wake. Kama haufike sentimita 2, wengi wanachagua kuweka mfuko chini ya musuli wa kifua, kusudi kingo zisionekane. Hiyo inasaidia, lakini ina bei yake: musuli ukikaza, titi linaweza kusogea. Fikiri juu ya kazi zako. Mwanamke wa ofisi anakaza musuli ule mara chache. Wewe unayekoroga bukari ya watu kumi kila siku, unayefua kwa mikono, mwambie munganga mambo hayo. Yeye haishi kwako, hawezi kuyajua.

Mwisho anavuta ngozi aone inakubali kiasi gani. Ngozi ni kama mfuko wa unga: kuna kiasi unachoingiza na bado unafunga, na kuna kiasi kinachoupasua. Mfuko mkubwa mno unafanya ngozi na nyama kuwa nyembamba, mikunjo inaonekana, na kwa miaka titi linashuka sababu ya uzito. Nyama iliyokwisha hairudi, hata wakitoa mfuko ule.

Ukiona munganga ameuliza tu "Unataka ngapi?" na hakugusa rula, simama, shukuru, ondoka.

Jaribu nyumbani kwa mchele

Kuna njia ya zamani ambayo wanawake wa nchi nyingi wanaitumia, na haina bei. Chukua biberon ya mtoto yenye alama za mililita. Jaza mchele mpaka alama ya 200. Mwaga ndani ya soksi nyembamba ao bas, funga vizuri, sukuma iwe mviringo na bapa kidogo. Tengeneza mbili. Vaa sutien yenye nafasi, isiyokuwa na sponji, weka mchele ndani, juu yake vaa nguo unayoivaa kila siku.

Sasa usisimame tu mbele ya kioo. Kaa nayo siku mbili ao tatu. Nenda nayo soko. Beba bidon. Lala. Imba ku kwaya. Ingia kanisani Siku ya Mungu na sikia kama moyo wako unatulia ao unajificha nyuma ya kitabu cha nyimbo. Kisha ongeza mpaka 250, mpaka 300, na fanya vile vile. Dada mmoja aliyejaribu hivi alituambia, akicheka, "Nilianza na mia ine. Siku ya pili mugongo ikakataa. Nikashuka, nikashuka, mpaka nikajiuliza kama kweli niko nataka."

Ujue kwamba mchele ni mwepesi kuliko jeli kwa kipimo kile kile, na kwamba mfuko ukikaa ndani ya mwili unabanwa, unaonekana mdogo kidogo kuliko mchele ulio juu. Hii ni njia ya kuijua akili yako. Kipimo cha kweli kinabaki cha munganga. Ku hospitali nyingi wana mifuko ya kujaribisha ya kuingiza ndani ya sutien. Omba. Na usione haya kuomba mara ya pili, siku nyingine.

Mabinti, ngojeni

Neno hili ni la wasichana wetu. Nchi ya Marekani haikubali mfuko wa jeli kwa kuongeza uzuri mbele ya miaka 22. Wa maji ya chumvi, miaka 18. Sababu moja ni kwamba mwili wa kijana bado unajengwa.

Hata baada ya miaka hiyo, kumbuka mimba. Titi linavimba, linajaa maziwa, kisha linapungua, na kwa kila mtoto linageuka tena. Kipimo kilichokaa vizuri kwa binti wa miaka 23 kinaweza kukataa kabisa kwa mama wa watoto watatu. Wengi wananyonyesha vizuri ijapokuwa wana mifuko, lakini wengine maziwa yanapungua, zaidi kama walikatwa pembeni ya chuchu. Kama unataka kuzaa, mwambie munganga mbele, sababu pahali pa kukata panaweza kuchaguliwa. Na kama unaweza kungoja mpaka umalize kuzaa, kipimo utakachochagua kitakaa zaidi.

Jambo lingine, na hapa hatuwezi kusema polepole: sindano ya silikoni ya maji maji, ile watu wanayoipiga ndani ya nyumba wakisema inakuza matiti ao makalio, si kitu kile tunachoeleza. Haina mfuko. Inatembea mwilini, inaweza kuziba mishipa ya mapafu, na imeua watu. Hakuna kipimo chake kizuri, hata kidogo.

Kwa mama aliyekatwa titi

Sasa tuongee na wewe, mama. Wewe hutafuti kuongeza, unatafuta kurudisha. Mama mmoja alituambia hivi: "Niko nasikia haya kuingia mu kanisa. Libaya inaangukaka upande moja. Batu banaangaliaka." Kipimo chako kiko tayari mbele ya macho: ni titi linalobaki. Lakini kulifuata si rahisi, sababu upande uliokatwa ngozi imepungua, tena titi linalobaki limeshuka kwa miaka na kwa watoto, na mfuko mpya hausemi "mimi pia nimenyonyesha".

Kwa hiyo mara nyingi wanganga wanaweka kwanza mfuko mtupu wenye kilango kidogo. Kila wiki moja ao mbili wanaingiza maji ya chumvi kwa sindano, na ngozi inapanuka polepole. Hapa wewe una nafasi ambayo wengine hawana: unaona kipimo kikikua, na unaweza kusema, "Tusimame hapa." Baadaye wanakitoa na kuweka wa kudumu. Wakati mwingine njia iliyo nzuri ni kupunguza kidogo titi zima kusudi yafanane, kuliko kulazimisha upande wenye kidonda ubebe mzigo mkubwa.

Kama ulichomwa kwa mionzi, ao utachomwa, uliza mapema sana. Mionzi inakaza ngozi, na mfuko ndani ya ngozi ile unapata taabu zaidi: unabanwa, unauma, unageuka umbo. Wengine wanatengenezewa titi kwa nyama ya tumbo ao ya mgongo wao wenyewe.

Na kama hutaki kupasuliwa tena? Huna deni kwa mtu. Kuna matiti ya silikoni ya kuvaa ndani ya sutien, yenye uzito karibu na ule wa titi lenyewe. Nayo yana kipimo kinachopimwa kwa upana wa kifua na titi la upande wa pili. Uzito huo una maana, sababu mwili uliozoea kubeba pande mbili unaweza kuinama upande mmoja na bega kuuma. Kidonda kikiwa kipya, vaa kitu chepesi na laini tu mpaka munganga aruhusu kizito. Wamama wanaojua kufuma wanaweza kukitengeneza kwa uzi wa pamba, wakajaza pamba safi, na baadaye kuongeza kifuko kidogo cha nafaka kinachotolewa siku ya kufua. Vikundi vya wamama wa ushoni katika makanisa yetu vina mikono ya kufanya kazi hii. Tunashangaa kwa nini bado hatujaianza.

Haikai milele

Hapa ndipo tulisema tutarudia. Mfuko huu si wa maisha yote. Wakubwa wa mambo ya dawa Marekani walitangaza mwaka 2011 kwamba mwanamke 1 kati ya 5 walioongeza kwa uzuri anahitaji kutolewa mifuko ndani ya miaka 10. Kwa wale waliojengewa titi baada ya kanseri inaweza kufika 1 kati ya 2. Mwili unaujengea ukuta wa kovu, na ukuta ule unaweza kukaza. Mfuko unaweza kupasuka. Ukiwa wa jeli, unaweza kupasuka bila wewe kusikia kitu, ndiyo maana wanashauri kupiga picha kwa ekografia ao IRM miaka 5 ao 6 baadaye, kisha kila miaka 2 ao 3. Hesabu feza hizo leo, pamoja na feza za kupasuliwa mara ya pili. Na siku ya kwenda kupima kanseri, mwambie anayepiga picha kwamba una mifuko, kusudi apige kwa njia yake.

Uliza pia jina la kiwanda. Katika Ufaransa, kampuni ya Poly Implant Prothèse ilijaza mifuko yake jeli ambayo haikuwa ya hospitali, kusudi kupunguza gharama. Serikali iliisimamisha mwaka 2010. Wanawake karibu 300,000 katika nchi nyingi walikuwa wamekwisha kuwekewa, na mwenye kampuni, Jean-Claude Mas, alikatiwa kifungo cha miaka 4 mwaka 2013. Mwaka 2019 mifuko fulani yenye ngozi ya kukwaruza ya Allergan iliondolewa sokoni dunia nzima, sababu ilionekana kuhusika na kanseri moja ya nadra ya chembe za kinga. Basi, uliza: ni laini ao ya kukwaruza? Kiwanda gani? Mwaka gani?

Bwana wako na safari yako

Tumesikia mabwana wanaosema, "Mimi nalipa, mimi nachagua." Baba, tafazali. Wewe hutabeba gramu hizo. Lakini tumesikia pia kinyume: mama aliyekatwa titi anayejilazimisha kuingia kwa kisu mara ya tatu akidhani bwana anataka, kumbe bwana hakusema kitu. Siku moja alimuuliza. Akajibu, "Mama, mimi nilikuwa naogopa kukupoteza tu. Hayo mengine ni wewe unayataka ao ni mimi?" Walikaa wakazungumza usiku mzima, jambo ambalo lilipaswa kufanyika mwaka mmoja mbele.

Mkipatana kwenda, pangeni siku za kurudi. Kwa wiki 4 mpaka 6 hutabeba bidon, hutabeba mtoto mzito mgongoni, hutakoroga bukari. Nani atafanya? Na kidonda kikitoa usaha, munganga aliyekupasua yuko mbali. Tafuta kwanza munganga wa hapa atakayekubali kukufuata, mpe barua ya yule wa kule. Kama unavuta tumbaku, acha wiki nyingi mbele, sababu tumbaku inazuia kidonda kupona.

Siku ya kutoka hospitali utapewa kadi ndogo. Soma kama imeandikwa jina la kiwanda, namba ya mfuko, mililita za upande wa kuume na za upande wa kushoto, na tarehe. Wakikosa kukupa, usitoke mlangoni mpaka waiandike. Iweke pahali unapoweka cheti cha ndoa na kadi za ubatizo za watoto, piga fotokopi moja, na mwambie mtu mmoja nyumbani iko wapi.